Kumgeuza bahili jukwaani mpaka watu waamini: mwongozo kamili kwa vikundi vya maigizo vya Krismasi

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza tulipoigiza ile hadithi ya bahili anayekuwa mkarimu, hapa Jinja, Uganda, mwezi wa kumi na mbili, watu wamejaa mpaka madirishani, kila kitu kilienda vizuri hadi dakika za mwisho, pale mzee wetu mchoyo anapoamka kitandani na kuanza kugawa pesa. Mtoto mmoja amekaa mbele kabisa, miaka sita au saba hivi, akasema kwa sauti: "Anadanganya!" Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko, na si kicheko kile tulichokitafuta. Mwigizaji wangu akabaki amesimama na noti zake za karatasi mkononi kama mtu aliyekutwa anaiba, tukavuta pazia hivohivo.

Yule mtoto nilimnunia karibu wiki nzima, alafu nikakubali kwamba ndiye mtu pekee ukumbini aliyesema kweli. Mzee ametesa watu nusu saa nzima, ameota ndoto ya dakika tano, ameamka malaika, nani ataamini hiyo? Sisi wote tuna landilodi, tunajua watu wa aina hiyo hawabadiliki kwa kuota.

Basi nikarudi kwenye kitabu chenyewe, nikakisoma polepole na kalamu mkononi, nikagundua mwandishi hakufanya tulivofanya sisi hata kidogo. Tangu hapo tumeigiza tena mara tatu na hakuna aliyepiga kelele, isipokuwa pale tunapotaka wapige. Haya ndiyo tunayoyafuata.

Hatua ya kwanza: soma kitabu, usitegemee katuni

Hadithi ni A Christmas Carol ya Charles Dickens, ilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, nakala 6000 za kwanza zikaisha kabla ya Krismasi yenyewe. Bahili anaitwa Ebenezer Scrooge. Karani wake Bob Cratchit analipwa shilingi 15 za Kiingereza kwa wiki, na kitabu kilipotoka kiliuzwa shilingi 5, yani Bob angetaka kusoma hadithi yake mwenyewe angetoa theluthi ya mshahara wa wiki. Ukijua tu hilo unaelewa umaskini wa yule mtu bila kuambiwa.

Dickens naye hakuwa anabuni njaa. Mwaka 1824 baba yake alifungwa gerezani kwa sababu ya madeni, na yeye akiwa na miaka 12 akapelekwa kiwandani kubandika lebo kwenye vikopo vya dawa ya viatu. Mwambie hivi kijana atakayeigiza yule mtoto wa karani mwenye mguu mbovu, utaona anavoshika ile fimbo yake kwa namna nyingine.

Kitabu ni kifupi, sura tano tu, kikundi kinaweza kukisoma kwa jioni mbili, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anatafsiri papo hapo, tulifanya hivo chini ya mwembe na ilikuwa raha kuliko mazoezi yenyewe.

Hatua ya pili: fungua daftari la madeni

Hii ndiyo roho ya kazi yote, ukiruka hapa usiendelee.

Chukua daftari la dukani, lile lenye mistari ya deni. Upande wa kushoto andika kila kitu ambacho bahili anamnyima mtu katika dakika kumi za mwanzo. Kila kitu, hata kidogo. Upande wa kulia acha wazi kwanza.

Nilivofanya hivo kwa sura ya kwanza ya Dickens nilipata vitano. Makaa: Scrooge anaweka ndoo ya makaa chumbani kwake, na moto wa karani ni mdogo hadi unaonekana kama kipande kimoja. Mwaliko: mpwa wake Fred anakuja kumwalika chakula cha Krismasi, anafukuzwa. Mchango: mabwana wawili wanachangisha kwa ajili ya maskini, anawauliza kama magereza yamefungwa na zile nyumba za kazi za maskini zimekwisha. Wimbo: mtoto anainama kwenye tundu la ufunguo kuimba, anatishwa na rula mpaka anakimbia. Na siku ya mapumziko: karani anapewa Krismasi moja tu kwa mwaka, na hiyo moja kwa manung'uniko, kwamba ni kuibiwa mfukoni kila tarehe 25.

Sasa nenda sura ya tano uone upande wa kulia unavojaa wenyewe. Mtoto wa kwanza anayemwona dirishani asubuhi anapewa pesa akaite muuza bata mzinga. Njiani anakutana na mmoja wa wale mabwana wa mchango, anamnong'oneza kiasi ambacho kinamwacha yule bwana mdomo wazi, na anasema humo ndani kuna madeni mengi ya nyuma. Kwa Fred anaenda kula. Karani anaongezewa mshahara. Na mwisho kabisa, karibu na mstari wa mwisho wa mazungumzo, anamwambia Bob awashe moto, aende anunue ndoo nyingine ya makaa kabla hajaandika herufi nyingine.

Umeona? Makaa yaliingia kwanza na yakatoka mwisho. Hadithi nzima imefungwa katikati ya makaa na makaa. Sisi mara ya kwanza tulimfanya mzee anagawa pesa kwa kila mtu ovyoovyo, pesa ambazo hakuna aliyeziona akizinyima, ndiyo maana mtoto akasema anadanganya. Mtu hawezi kurudisha asichochukua.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: hakuna zawadi mwisho ambayo haiko kwenye daftari mwanzo, na hakuna deni mwanzo ambalo halilipwi. Mtu wa kikundi akija na wazo tamu, "tuweke na mbuzi!", muulize mbuzi yuko ukurasa gani.

Hatua ya tatu: lete madeni yako nyumbani

Baridi ya London hatuna. Ukiweka mtu wa Jinja anatetemeka mwezi wa kumi na mbili kwa kukosa makaa, watazamaji watakuangalia tu. Lakini makaa tunayo, na yanauma kwa njia yake. Kwetu tuliandika hivi: bahili anaitwa Mzee Komeo, ana duka la jumla la mahindi na maharage. Marehemu mwenzake alikuwa Mzee Bawaba. (Komeo na bawaba, mlango mzima huo.) Karani ni Mugisha, na mtoto wa Mugisha mwenye mguu mbovu ni Junia.

Dukani kuna sigiri moja ya kuchemshia chai ya saa nne. Mzee ndiye anayehesabu makaa. Onyesho linaanza bila neno, Mzee amechuchumaa, anaweka kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, anafikiri, anatoa cha tatu anakirudisha kwenye kopo, anafunga kopo kwa kufuli. Chai haichemki. Mugisha anakunywa maji ya vuguvugu yenye rangi. Nusu dakika tu, na ukumbi umeshamchukia huyu mzee bila kuambiwa kitu.

Alafu nauli. Kila anayeishi mjini anajua Krismasi ni ya kijijini, stendi inafurika, nauli inapanda juu mpaka unafikiri unakwenda Ulaya. Mugisha anaomba mshahara siku mbili kabla ili awahi basi. Mzee anasema mshahara ni wa tarehe 31. Haimwumizi Mzee hata senti, pesa ni ileile, ni siku tu, na hapo ndipo unapomwona bahili wa kweli ananyima hata kile ambacho hakimgharimu kitu.

Mpwa tumemwacha mpwa. Na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza, maana Fred ni mtoto wa Fan, dada yake Scrooge aliyefariki, kwa hiyo Scrooge si mjomba wa kuitwa tu, ni mjomba hasa, kaka wa mama. Sema neno "mjomba" mbele ya ukumbi wowote wa kwetu, kila mtu anajua yule mzee ana wajibu gani kwa kijana huyu na anajua ni aibu kiasi gani kumfukuza mtoto wa dada yako aliyekufa. Kijana wetu anaingia anapiga magoti kidogo, "Shikamoo mjomba, mama watoto anasema njoo tule pamoja kesho," na Mzee anajibu bila kuinua macho kutoka kwenye noti: "Kuku mmeua wangapi? Mngeuza hao."

Mchango ukawa wa akina mama wa mtaa wanaochangia watoto yatima. Mtoto mwimbaji akabaki mtoto mwimbaji, tumempa kopo na kijiti.

Hatua ya nne: tafuta kidonda chake

Hakuna aliyezaliwa na mkono wa birika. Kabla ya kuandika mizimu au ndoto, jibu swali moja: huyu mtu aliumizwa lini na pesa ikawa bandeji?

Scrooge aliachwa peke yake shuleni wakati wenzake wamekwenda nyumbani likizo. Baadaye mchumba wake Belle alimwachia uchumba kwa sababu aliona kuna sanamu nyingine ya dhahabu imekaa mahali pake. Ukitaka mfano mwingine, soma Silas Marner ya George Eliot (jina la kalamu hilo, mwandishi ni mwanamke, Mary Ann Evans), ya mwaka 1861. Silas mfuma nguo anasingiziwa wizi na rafiki yake mwenyewe, kanisa linamtupa, mchumba anaolewa na yule rafiki, anahamia kijiji kingine na kuanza kupenda vipande vya dhahabu kwa sababu dhahabu haisingizii mtu. Anazihesabu usiku kama mtu anaongea na watoto wake.

Kwa Mzee Komeo sikwenda mbali. Mwaka 1987 serikali ilibadilisha noti, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu yake kukawa na kodi ya asilimia 30 ya kubadilishia. Wazee wengi bado wanaisimulia. Basi Komeo wetu mwaka ule ni kijana wa miaka 22, amekusanya pesa za mahari kwenye mfuko wa unga, ana mchumba, anakwenda kupanga foleni na mfuko umejaa na anarudi na kibunda kinachoingia kwenye mfuko wa shati. Kwenye mchezo tunaigiza hivohivo bila maneno mengi: anaingia upande mmoja na gunia, anatoka upande mwingine na bahasha. Mzee mmoja katikati ya ukumbi siku ile alisema tu "eeeh" kwa sauti ndefu, na nikajua tumefika.

Angalia lakini, kidonda si msamaha. Kuna kikundi niliona kilimfanya bahili anaonewa sana hadi watu wakamlilia na kusahau Mugisha ana njaa. Kidonda dakika mbili, inatosha.

Hatua ya tano: wageni wa usiku

Scrooge anatembelewa kwanza na Marley (kwetu ndiye Mzee Bawaba), mwenzake wa biashara aliyekufa miaka saba kamili iliyopita, kaburuta mnyororo wa visanduku vya pesa, funguo, kufuli na vitabu vya hesabu, mnyororo aliojitengenezea mwenyewe pingili kwa pingili akiwa hai. Huyu ni rahisi na ni mtamu kumtengeneza: kusanya makufuli mabovu, mizani, kikokotoo kilichokufa, vitabu vya risiti, funga kwenye kamba ya ng'ombe. Kabla hajaingia, uso wa Marley unatokea kwenye kigongeo cha mlango, sisi tuliuweka kwenye kufuli kubwa la kadibodi lenye macho mawili yanayowaka tochi nyuma yake. Watoto walipiga mayowe ya furaha.

Baada yake ndio wale watatu, wa yaliyopita, wa sasa na wa yajayo. Hapa tulipata tabu ya jina. Niliandika "mizimu" kwenye skripti, na neno hili Waganda nao wanalo kwa maana ya roho za wahenga, basi mzee mmoja wa kanisa akaniita pembeni, "Mwanangu, mizimu madhabahuni siku ya kuzaliwa Bwana?" Sikubishana. Tukawaita Wageni. Mgeni wa Jana, Mgeni wa Leo, Mgeni wa Kesho. Ikawa bora kuliko nilivotaka, kwa sababu bahili hapendi mgeni, mgeni anakula, na sasa anakuja mmoja baada ya mwingine usiku na hawezi kuwafukuza.

Mpangilio usiuguse. Kuna kishawishi cha kuanza na kaburi ili watu waogope mapema, usifanye, maana hofu ikitangulia mzee anabadilika kwa kuogopa kufa na hiyo si kubadilika, hiyo ni biashara nyingine tu, ananunua maisha. Dickens anaanza na jana kwa makusudi. Jana inamlainisha, leo inamwaibisha, kesho inamtisha, na anapofika kwenye kutishwa tayari moyo umeshafunguka.

Na kuna mahali padogo sana ambapo nadhani ndipo Scrooge anageuka kweli, wengi hupapita bila kuona. Mgeni wa kwanza anampeleka kwa bosi wake wa ujanani, mzee Fezziwig, anayefunga duka mapema usiku wa Krismasi na kuwachezesha wafanyakazi ngoma. Mgeni anamchokoza: si ametumia pauni chache tu, tatu au nne, kwani ndio asifiwe hivyo? Scrooge anakasirika, anamtetea Fezziwig, anasema bosi ana uwezo wa kufanya kazi iwe nyepesi au nzito, kwa neno tu, kwa kumtazama mtu, na furaha anayoitoa ni kubwa kama ingegharimu utajiri wote. Alafu ananyamaza. Mgeni anauliza una nini? Anajibu hamna kitu, ila ningependa kumwambia karani wangu neno moja mawili sasa hivi. Basi.

Basi! Hapo halii, haombi msamaha, hatoi hata senti. Ila ametetea ukarimu wa mtu mwingine kwa mdomo wake mwenyewe na katikati ya sentensi akajisikia. Hapo ndipo unapoweka ukimya mrefu kuliko wote kwenye mchezo. Mwigizaji wangu wa Komeo nilimwambia ahesabu moyoni hadi kumi huku anaangalia kopo la makaa lililoko upande wa pili wa jukwaa. Akilalamika kwamba kumi ni nyingi, mwambie ni kidogo.

Mgeni wa Leo apite haraka: nyumbani kwa Mugisha, sahani ndogo ya wali, Junia na mguu wake, mama Junia anakataa kumwombea Mzee dua halafu anaomba kwa ajili ya mumewe. Nyumbani kwa mpwa, watu wanacheka na kumwigiza Mzee anavohesabu makaa, na Mzee pembeni hawamwoni, anacheka nao kidogo kabla hajajua anachekwa yeye.

Mgeni wa Kesho haongei kabisa. Kwenye kitabu kuna tukio ambalo usiliache, watu watatu wanauza vitu vya marehemu ambaye hata hajazikwa: mapazia ya kitanda, blanketi, hadi shati alilovalishwa. Sisi tulilihamisha kwenye mivumba, soko la mitumba. Mama mchuuzi ananyanyua shati la marehemu mbele ya umati, "Shati hii elfu tano, mwenyewe hakuwahi kuivaa, alikuwa anaitunza!" na ukumbi unacheka sana, alafu mmoja anauliza nani amekufa na mwingine anajibu "sijui, yule wa dukani", kicheko kinakatika katikati. Waache wacheke kwanza, ndiyo maana yake.

Hatua ya sita: asubuhi, na wasioamini

Mzee anaamka. Sasa fungua daftari lako na ulipe deni moja moja, kwa mpangilio wa kinyume, makaa yawe ya mwisho. Usiharakishe na usiongeze.

Bata mzinga wa Scrooge ni mkubwa mara mbili ya yule mtoto mgonjwa wa Bob, inabidi waite gari la farasi kumbeba. Sisi tulipeleka jogoo na nusu gunia la mchele kwa boda, jogoo kichwa chini anapiga mabawa, na Mzee anamkimbilia boda anarudi anamwongezea nauli anakimbia tena. Bila kusema zawadi imetoka kwa nani, hilo zingatia. Scrooge anafurahi peke yake kwamba Bob hatajua aliyetuma. Mtu anayebadilika ili aonekane bado ni mchuuzi.

Sasa lile tatizo langu la "anadanganya". Dickens alilijua. Siku ya pili Bob anachelewa kazini dakika kumi na nane na nusu, Scrooge anajifanya mkali kama zamani, anamsogelea, na anapomwambia ataongezwa mshahara Bob hafurahi, anaogopa, anasogea kuifuata rula, anafikiri mzee amepata kichaa, anawaza amkamate na aite watu walete nguo za kufungia vichaa. Asiyeamini yuko ndani ya hadithi. Kwa hiyo nilichofanya ni kumwandikia yule mtoto nafasi. Mama wa mchango, anapopewa bahasha na Mzee, anaifungua, anaangalia noti juu kwenye mwanga kama ni feki, anageukia ukumbi na kusema: "Anadanganya." Watu wanacheka kwa sababu ndilo walilotaka kusema wao, na mara wameshalisema, hawana tena la kukataa.

Kiasi cha pesa kiwe cha mtu mwenye akili. Mugisha anatoka laki mbili anakwenda laki tatu na nusu, si milioni. Scrooge hakufunga duka wala hakugawa mali yote, aliendelea na biashara yake, alimtunza yule mtoto wa Bob kama baba wa pili. Bahili anayegawa kila kitu kwa siku moja watu watamwonea huruma mwezi wa kwanza.

Hatua ya saba: mgeuze na mdomo wake

Hii hamtaikuta kwenye Kiingereza, ni ya kwetu. Uganda Kiswahili kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya askari na amri, wazee wengi maneno ya kwanza wanayoyajua ni "simama", "leta", "toka". Basi Mzee Komeo mwanzo anaongea amri tupu. Leta daftari. Funga mlango. Toka. Hakuna "tafadhali", hakuna "mama" wala "mwanangu", hata shikamoo haitikii marahaba, anaitikia "unataka nini?". Kwenye skripti nilipiga mstari chini ya kila kitenzi chake.

Baada ya ule ukimya wa Fezziwig anasema "naomba" ya kwanza, kwa Mgeni, tena inamkwama kooni. Asubuhi anakutana na mpwa mlangoni, kijana anasema shikamoo kwa woga, na Mzee anajibu "marahaba, mwanangu", maneno mawili ambayo ukumbi umeyasubiri dakika arobaini bila kujua. Hapo kuna mama alilia, kwenye marahaba, si kwenye pesa.

Kama watazamaji wako wanachanganya Kiswahili na Kisoga au Luganda, mwache Komeo pia achanganye, ila neno mukodo, hilo la Waganda la mtu mchoyo, waachie majirani walitumie mara moja tu, likitumika sana linakuwa kichekesho.

Mambo madogo ambayo yatakuokoa

Muda wetu: ubaya wa Mzee dakika nane, Bawaba tatu, jana kumi na mbili, leo saba, kesho tano, asubuhi kumi. Ubaya ukizidi kumi watu wanachoka kumchukia.

Waigizaji kumi na mmoja wanatosha ukimfanya mama wa mchango awe pia mama mchuuzi wa mivumba. Umeme usiutegemee, weka tadoba mbili (vile vitaa vya mafuta, koroboi) na tochi zenye betri mpya, giza la Mgeni wa Kesho linapendeza zaidi kwa tadoba kuliko taa.

Kama kikundi ni kidogo sana na hamna pa kuficha mizimu wala wageni, acheni Scrooge mchukue Silas: dhahabu yake inaibiwa, na usiku mmoja mtoto mdogo wa kike anaingia mlango uliokuwa wazi, mama yake amekufa kwenye theluji nje, Silas macho yake hayaoni vizuri, anaona kitu cha manjano karibu na moto, anadhani dhahabu imerudi, ananyoosha mkono na anagusa nywele laini. Waigizaji watatu na mtoto mmoja. Na kama mnataka kucheka tu, chukueni Harpagon, yule bahili wa mchezo wa Mfaransa Molière, wa mwaka 1668, aliyezika kisanduku bustanini na hakubadilika hata kidogo, mwisho anarudishiwa kisanduku chake akaenda zake, huyo msijaribu kumwokoa.

Makaa ya onyesho la mwisho azimeni mapema na muyahesabu. Mwisho wa mchezo wetu Mzee anafungua kopo, anamimina yote kwenye sigiri, moto mkubwa, chai inachemka kweli mbele ya watu, na Mugisha anakunywa kikombe cha moto hadi anaungua ulimi. Mwaka jana tuliazima gunia kwa mama mmoja anayeuza chapati jirani na ukumbi, tukalitumia maonyesho mawili, na siku ya tatu kabla hatujaanza alikuja nyuma ya jukwaa amevaa nguo zake za kazi, akatazama sigiri, akatazama Mzee Komeo aliyekuwa anajipaka mvi za unga, akamwambia: "Mzee, na yangu je?"